Gia zinagoma ukisimama? Usikubali injini ipasuliwe kabla klachi haijapimwa

Mkuu, simamisha hiyo kazi. Mpigie fundi simu sasa hivi, mwambie asiguse nati hata moja.

Umeandika kwamba pikipiki yako ya cc 150 ikiwa inatembea, gia zote zinapanda na kushuka bila shida. Ukisimama ukiwa gia ya pili au ya tatu huku injini inaunguruma, pedeli haisogei, nyutro huipati, "mpaka nizime injini ndipo inalegea". Fundi amesikiliza maelezo, akasema gia zimekula, na kesho anashusha injini abadilishe seti nzima.

Hebu soma tena maneno yako mwenyewe: mpaka nizime injini. Jibu liko hapo. Gia iliyokula haiponi kwa kuzima swichi. Kitu pekee kinachobadilika ukizima injini ni kwamba nguvu imeacha kupita kwenye klachi. Maana yake ulipokuwa umeshika klachi mpaka mwisho, nguvu ilikuwa bado inapita. Klachi yako haikati sawasawa, na wewe unataka kununua gia.

Nieleze kinachotokea ndani, kwa sababu ukikielewa hakuna atakayekudanganya tena. Ndani ya gia boksi ya pikipiki, kila jozi ya gia imeshikana meno muda wote, iwe unakimbia au umesimama. Kinachobadilika ni gia ipi imefungwa na shafti yake na ipi inazunguka bure. Kufunga huko kunafanywa na meno manene yaliyotokeza ubavuni mwa gia, yanayoingia kwenye matundu ya gia ya jirani. Ukikanyaga pedeli unazungusha drami ya gia, mifereji iliyochongwa kwenye drami inasukuma uma za gia, na uma zinatelezesha gia pembeni mpaka yale meno ya ubavuni yaingie au yatoke.

Sasa kuna kugoma kwa aina mbili, na ni vitu viwili tofauti kabisa ingawa mguuni unavihisi karibu sawa.

Aina ya kwanza ni gia kugoma KUINGIA. Umesimama, umeshika klachi, tairi halizunguki, kwa hiyo shafti inayopeleka mwendo kwenye mnyororo imetulia tuli. Shafti ya upande wa klachi nayo imepunguza mwendo. Kama meno ya ubavuni yamekutana uso kwa uso na ukuta badala ya tundu, yatabaki hapo. Ni kama komeo la mlango lisilolingana na tundu lake: unaweza kulisukuma mpaka jasho likutoke na lisiingie, mlango ukisogea kidogo tu linaingia lenyewe. Hii si hitilafu. Kila pikipiki yenye gia za namna hii inafanya hivyo, hata mpya. Ndiyo sababu ikitembea gia zinaingia kwa ulaini: tairi linazungusha shafti, matundu yanapita mbele ya meno mara nyingi kwa sekunde.

Pikipiki nyingi za Kawasaki, kwa mfano, zimetengenezwa makusudi ili ukiwa umesimama usiweze kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili. Pedeli inaishia nyutro. Ndani ya gia kuna gololi ndogo za chuma ambazo shafti ikitulia zinadondokea kwenye mfereji na kuizuia gia isipite, na shafti ikizunguka kwa kasi ya kutosha zinarushwa nje na kuiachia. Wapo waliopeleka pikipiki nzima kabisa gereji kwa sababu ya kifaa hicho, na wapo waliokubali "kuitengeneza".

Aina ya pili ni gia kugoma KUTOKA, na hii ndiyo yako. Yale meno ya ubavuni huchongwa na mwinamo mdogo wa kurudi nyuma, ili yakibeba nguvu yavutane ndani zaidi na gia isichomoke barabarani. Klachi isipokata kabisa, injini inaendelea kusukuma shafti kidogokidogo huku tairi na breki vikiizuia. Meno yanabanana. Hapo hata ukanyage vipi, gia haitoki. Zima injini, msukumo unaisha, meno yanalegea, nyutro inapatikana kwa kidole. Umeelezea jambo hili kwa usahihi kuliko fundi wako alivyolielewa.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Mimi pia niliambiwa "gia zimekula" na mtu ambaye hakuwa ameshika hata liva ya klachi. Hakuuliza gia inagoma kuingia au kutoka. Hakuuliza injini ikiwa imezimwa inakuwaje. Fundi anayetoa hukumu ya kupasua injini kwa kusikiliza tu, bila spana mkononi, anamtia mtu hasara, na mbaya zaidi anamtia mashaka kwenye injini ambayo ilikuwa nzima.

Fahamu anachotaka kukifanya. Kuzifikia gia kwenye injini nyingi za silinda moja, lazima injini ishuke kwenye fremu. Kichwa cha silinda kinatoka, silinda inatoka, pistoni inatoka. Mnyororo wa taimingi unatoka. Magneti inatolewa kwa pula yake maalumu. Klachi yote inatoka, pampu ya oili inatoka, ndipo makasha mawili ya injini yatenganishwe. Kila hatua katika hizo ina namna yake ya kuharibu kitu ambacho hakikuwa na tatizo.

Makasha hayo yanakutana uso kwa uso, katikati kukiwa na gasketi nyembamba tu. Fundi asiye na subira anachomeka bisibisi kwenye mwanya ili ayatenganishe. Mkwaruzo mmoja pale na oili itavuja milele, hata ukibandika gundi ya gasketi kiasi gani. Krenki ya injini hizi si kipande kimoja, imeunganishwa kwa kushindiliwa. Ikigongwa nyundo kwenye ncha ili itoke kwenye beringi, inapinda kwa kiasi ambacho macho hayaoni lakini mikono kwenye usukani itakihisi kila siku, na beringi zake hazitadumu. Ncha za shafti za gia zina washa nyembamba sana. Makasha yakifunguka, moja hubaki imenata kwa oili upande wa pili, inadondoka sakafuni, haionekani. Injini inafungwa bila hiyo washa, na gia inaanza kusogea kupita mahali pake. Sasa una tatizo la gia la kweli.

Kuna sirklipi zinazozuia gia zisitembee kwenye shafti. Zikishatolewa zinapoteza ukakamavu, hazifai kurudishwa, na mpya zinafungwa kwa mwelekeo: upande wa ukingo wa mviringo unatazama gia inayoisukuma, upande wenye makali unatazama mbali nayo. Uliza fundi wako kama anazinunua mpya. Uliza pia kama seti ya gia anayoleta ina idadi ileile ya meno kwa kila gia. Injini mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na gia zenye meno tofauti ndani. Uliza kama atabadilisha sili zote za oili, gasketi ya kichwa, gasketi ya chini ya silinda na gasketi ya makasha, au atarudisha za zamani.

Jambo linaloniuma kuliko yote ni hili. Akimaliza, tatizo linaweza kuwa limeisha kweli! Kwa sababu ili afike kwenye gia alilazimika kufungua klachi, kuachanisha pleti zilizonata (zile sahani za klachi zinazobanana kupitisha nguvu na kuachana kuikata), kufungua kebo na kuirekebisha upya wakati wa kufunga, na kuweka oili mpya. Klachi imetengenezwa bila yeye kujua. Halafu anakuonyesha gia za zamani zenye mng'aro wa kawaida wa kutumika, anasema, "Unaona zilivyokula?" Unalipa, unashukuru, na unamsifia kwa wengine. Hivi ndivyo uvumi wa "gia zimekula" unavyoishi.

Gia zilizokula kweli zina dalili zake, na huna hata moja. Zinaruka barabarani: uko gia ya pili, unavuta mafuta kupanda mlima, gia inachomoka yenyewe, injini inapiga kelele bila mwendo. Uma wa gia uliopinda nao unafanya gia fulani igome hata pikipiki ikitembea. Ukimwaga oili unakuta vipande vya chuma vyenye kona, siyo ule unga laini wa kawaida. Wewe umesema ikitembea hakuna shida. Basi gia hazina kosa.

Sasa pima mwenyewe. Huhitaji zaidi ya rula, spana mbili na nusu saa.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, injini imezimwa. Zungusha tairi la nyuma kwa mkono taratibu huku mkono mwingine ukisukuma pedeli. Pandisha gia zote, shusha zote, moja moja, ukiachia pedeli irudi mahali pake kila mara. Zikiingia zote, gia boksi imeshafaulu mtihani. Kabla hujaendelea angalia pedeli yenyewe: haigusi kava ya injini? Haichezi kwenye meno ya shafti yake? Haijapinda baada ya kuanguka? Pedeli inayogonga kava kabla ya kumaliza safari yake inaleta ugomvi uleule.

Kisha washa injini ipate joto, bado kwenye stendi ya katikati. Shika klachi mpaka mwisho, ingiza gia ya kwanza. Tairi litazunguka kidogo kwa sababu ya oili kati ya pleti. Hilo ni la kawaida. Kanyaga breki ya nyuma taratibu. Tairi likisimama na mlio wa injini usibadilike, klachi inakata. Injini ikizama au kutaka kuzimika, klachi haikati, na umempata mhalifu.

Halafu chukua rula, nenda kwenye liva. Vuta polepole mpaka uhisi kebo imeanza kukaza, pima umbali ambao ncha ya liva imesafiri bure. Pikipiki nyingi za kebo zinataka kati ya 10 na 20 mm kwenye ncha. Kitabu cha modeli yako ndicho chenye neno la mwisho. Ukikuta 30 au 40 mm, liva inagusa usukani kabla pleti hazijaachana vizuri, na hakuna haja ya kutafuta zaidi. Ukikuta sifuri, usifurahi pia: klachi itateleza na pleti zitaungua.

Kurekebisha kuna mpangilio, na watu wanaukosea. Usianzie kwenye liva. Kirekebishi cha juu kwenye usukani kirudishe ndani karibu chote. Nenda chini kwenye injini, legeza nati ya kufungia, sogeza kirekebishi cha huko mpaka ulegevu ukaribie kiwango, kaza nati. Ndipo urudi juu umalizie kwa mizunguko midogo. Ukianza na kumaliza juu, kirekebishi kinabaki na nyuzi chache tu zilizoshika na siku moja kinang'oka. Ukimaliza geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Ulegevu ukibadilika sana, kebo imepitishwa vibaya na inavutwa.

Kebo yenyewe ichunguze pande zote mbili. Nyaya mbili tatu zilizokatika karibu na kichwa zinatosha kuifanya irefuke ukivuta. Ganda la nje likiwa limepondeka, unavuta liva lakini nusu ya nguvu inaishia kulibana ganda. Tundu la boliti ya liva likiwa limekuwa yai, unapoteza milimita hapo. Na liva za urembo zilizonunuliwa kwa sababu ya rangi, nyingine zinavuta kebo kwa urefu mdogo kuliko ya asili. Hazitakata klachi hata urekebishe mpaka kesho. Kebo mpya ni kazi ya dakika ishirini. Linganisha na seti ya gia.

Kama klachi yako ni ya mafuta na siyo ya kebo, tafuta hewa kwenye mfumo na uangalie kimiminika kimekaa muda gani.

Kebo ikiwa sawa na bado jaribio la breki linashindwa, hapo ndipo unafungua, lakini unafungua kava ya klachi tu, siyo injini. Mwaga oili, toa kiki, fungua boliti za kava, weka kila boliti kwenye kadibodi kwa nafasi yake kwa sababu urefu unatofautiana. Boliti za springi za klachi zilegeze kwa kuvuka, moja kisha iliyo mkabala nayo, kidogokidogo, usimalize moja kabla ya nyingine. Toa pleti kwa mpangilio na uzipange hivyohivyo. Pleti za chuma zilaze juu ya kioo, pitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake. Vitabu vingi vinaweka ukomo wa kupinda kati ya 0.1 na 0.3 mm kutegemea modeli. Iliyopinda haiachani na jirani yake hata ikisukumwa. Angalia pia vidole vya nyumba ya klachi, pale masikio ya pleti yanapokaa. Yakichimba mashimo, pleti zinanasa humo badala ya kuteleza. Mashimo madogo yanasawazishwa kwa tupa laini, makubwa yanataka nyumba mpya. Pleti mpya za msuguano ziloweke kwenye oili ya injini saa kadhaa kabla ya kuzifunga. Boliti za springi kwa kawaida ni M6 (kipenyo cha mm 6), zinataka kukazwa kwa 10 hadi 12 Nm (nyutoni-mita) tu. Ukizikaza kwa hasira unang'oa nyuzi.

Oili: yenye alama ya JASO MA au MA2 (viwango vya oili za pikipiki ambazo klachi yake inaloa oili ya injini), uzito unaotajwa na kitabu. Nzito kupita kiasi inazinatisha pleti, hasa asubuhi. Na sailensa ya injini, yaani mzunguko wake ikiwa imetulia, ikipandishwa sana kila ubishi kwenye taa unaongezeka. Pikipiki nyingi ndogo zinakaa karibu na mizunguko 1,400 kwa dakika.

Wakati unasubiri kebo, acha kupiga teke pedeli. Naomba sana hili. Uma wa gia ni kipande chembamba, na mguu wenye buti una nguvu ya kuupinda. Ukiupinda, maneno ya fundi yatakuwa kweli kwa mara ya kwanza. Shusha gia kabla hujasimama, moja moja, tairi likiwa bado linazunguka, ufike kwenye taa ukiwa tayari gia ya kwanza. Ikikukuta umesimama ukiwa bado gia ya juu: weka uzito mdogo tu kwenye pedeli, achia klachi taratibu mpaka uhisi pikipiki inataka kusogea, shika tena haraka. Gia itashuka yenyewe. Au sukuma pikipiki mbele na nyuma umbali wa kiganja kimoja huku pedeli ikiwa imeegemewa. Kila gia ina mguso wake. Achia pedeli irudi juu kabla ya mguso unaofuata, vinginevyo drami haishikwi tena.

Kwa hiyo kesho asubuhi, badala ya gereji: jaribio la tairi injini ikiwa imezimwa, jaribio la breki injini ikiwa na joto, na rula kwenye ncha ya liva. Andika hapa umepata milimita ngapi, na upige picha ya mkono wa klachi pale kebo inapoingia kwenye injini, liva ikiwa imeachiwa na ikiwa imevutwa. Tutaangalia unasafiri kiasi gani.